King'ora Kilipotukuta Tukiongoza

Jumatatu. Asubuhi baridi, mchana mvua ya mawe, na sasa jioni hewa imeoshwa kabisa. Kutoka mlangoni naona chai hadi kule Boito.

Naandika nikiwa nimelala kifudifudi kwa sababu mgongo umekataa kiti. Maharagwe yako kwenye jiko, yatajipika yenyewe. Binti yangu Kerubo alinifungulia ukurasa huu kwenye simu nilipokuwa nyumbani Desemba, akasema, baba, andika yale unayonyamazia. Siku nyingi huwa naandika habari za mvua. Leo nitaandika nilichonyamazia.

Jumamosi tulishindwa mchezo ambao tulikuwa tumeshaushinda, na mtu wa kwanza kuuharibu nilikuwa mimi.

Nimetembea na jambo hilo siku mbili kama kijiwe ndani ya gambuti.

Timu yetu inaitwa Majani Mabichi. Ni timu ya mpira wa kikapu ya wachuma chai, na watu wakisikia hivyo hucheka kwanza. Huku watu wanajua mbio, wanajua mpira wa miguu. Kikapu ni mchezo wa waliosoma shule za bweni. Sisi tuliupata kwa sababu ya sakafu. Banda la zamani la kupimia majani lilipoezuliwa na mizani ikahamishiwa banda jipya kando ya barabara, ilibaki sakafu kubwa ya simiti katikati ya chai, bila paa, bila kazi. Fundi mmoja wa kiwandani, ambaye sasa amestaafu, akachomelea ringi mbili akazisimamisha kila upande. Basi, tukawa na uwanja. Una mteremko kidogo upande wa kushoto, maana ulijengwa ili maji yatoke, na tumeuzoea mteremko huo hivi kwamba tukienda kucheza mahali palipo sawa tunapotea.

Mimi si mchezaji. Nina miaka arobaini na sita na magoti ya babu yangu. Mimi ni mwenye debe. Kila mchezo wa nyumbani nakaa karibu na ringi ya upande wa kiwanda, napiga debe la mafuta ya kupikia kwa vijiti viwili. Wachezaji wanaijua midundo yangu: polepole tukilinda, haraka tukishambulia.

Nilitoka kwetu Nyamira miaka kumi na moja iliyopita nikiwa na darasa la saba na begi moja. Shambani mimi ni namba iliyopakwa rangi kwenye kikapu. Nikienda nyumbani likizo, watoto wananipisha kiti kama mgeni. Kwenye sakafu ile tu ndipo watu huuliza, Baba Kerubo yuko wapi, mbona hatuanzi?

Kwa hiyo mtu akiniambia huo ni mchezo tu, huwa naendelea kupiga debe langu.

Msimu huu tulikuwa tumeshindwa mara sita mfululizo. Jumamosi ilikuwa mara ya saba, na ndiyo siku pekee tuliyocheza vizuri.

Tulicheza na vijana wa chuo kimoja cha mjini Kericho. Watoto warefu, viatu vinang'aa, kila mtu na chupa yake ya maji. Tulikuwa tuanze saa nane mchana. Basi lao likakwama kwenye matope kule darajani, na ni sisi wenyewe tulioenda kulisukuma. Ndiyo, tuliwasukuma wapinzani wetu hadi uwanjani, tukarudi na matope hadi kwenye nyusi. Tukaanza karibu saa kumi. Kuchelewa huko ndiko kulikotumaliza, ila wakati ule hakuna aliyefikiria saa.

Lazima nieleze habari ya king'ora, maana anayesoma hapa huenda hajawahi kufanya kazi ya chai.

Kiwanda chetu kina king'ora, na kile cha saa kumi na moja jioni ndicho kikubwa. Kinafunga mizani. Desturi ya shamba hili, tuliyoikuta kwa waliotutangulia, ni kwamba kikilia, ulichobeba unakiweka chini papo hapo, unatoa mkono, unarudi hatua moja nyuma. Ni ili mtu asiendelee kujaza kikapu baada ya muda. Ukichelewa kutoa mkono, majani yako hayapimwi. Weka, toa, rudi. Nimeona mama akifanya hivyo bila kukatiza mazungumzo yake. Mimi mwenyewe nikiwa likizoni Nyamira, gari la wagonjwa lilipita barabarani likilia, nikaiweka ndoo ya maji chini katikati ya njia nikarudi nyuma. Mke wangu Kwamboka alicheka hadi akakaa chini.

Na sakafu ya uwanja wetu ndiyo ile ile sakafu ya vikapu. Kiprono, nahodha wetu, alichuma miaka minne kabla ya kupewa trekta. Kikapu chake alikuwa akikiweka pale pale ambapo leo tumechora mstari wa kurushia adhabu. Lakini mazoezi yetu huanza baada ya king'ora, na michezo ya nyumbani huisha kabla yake. Miaka yote hiyo hakijawahi kutukuta na mpira mkononi.

Jumamosi kikatukuta.

Tulikuwa tunaongoza hamsini na moja kwa hamsini. Zilibaki sekunde chache sana. Refa alikuwa amesema wazi tangu mwanzo: mchezo unaisha kwa kengele, na kengele ni kile kipande cha reli kilichotundikwa mezani, si kitu kingine. Mpira ulikuwa kwa Kiprono. Alichotakiwa kufanya ni kuudunda na kuwakimbia tu. Debe langu lilikuwa linalia haraka kuliko nilivyowahi kulipiga, mikono siihisi, naona tu vijiti vinapanda na kushuka.

Kikalia.

Nikaweka vijiti chini. Nikatoa mkono. Halafu nikainua mikono yote miwili juu, kwa sababu kichwani mwangu siku imeisha na tumeshinda. Kiprono alikuwa ananitazama, kwa vile hunitazama kila mdundo unapobadilika. Aliona debe limenyamaza na mimi nimeinua mikono. Akainama, akaweka mpira chini, taratibu kabisa, pale pale pa kikapu chake. Akatoa mkono. Akarudi hatua moja nyuma. Wenzake wanne nao wakasimama.

Watoto wa chuo hawakijui king'ora chetu. Mmoja wao, mfupi kuliko wote, aliutazama ule mpira kama mtu anayeogopa kuwa ni mtego. Kisha akauchukua, akakimbia nao peke yake hadi upande wa pili, akafunga. Ndipo reli ikagongwa.

Mimi niliona yote, mikono yangu ikiwa bado juu.

Mashabiki wao walicheka, na siwezi kuwalaumu. Msichana mmoja aliyejifunga skafu ya chuo akapaza sauti, "Nyinyi kikapu mnajua ni ya mgongo tu!" Wakaingia kwenye basi lao, wakaondoka. Safari hii hatukusukuma.

Jana Kwamboka alinipigia simu baada ya kanisa, akauliza kama tumeshinda. Nikamwambia Kiprono ametuangusha, ameweka mpira chini kama mjinga. Nilitumia neno hilo hilo, mjinga. Habari ya debe sikuitaja.

Hiyo ndiyo aibu yangu.

Sasa ya leo. Arap Tonui, nyapara wetu na pia mwenyekiti wa timu, alikuwa ametangaza kwamba leo jioni mashabiki wataamua. Umebaki mchezo mmoja, Jumamosi hii, kule Kaplong. Ama twende, ama tujitoe na jezi zirudishwe. Tukijitoa, ringi zitang'olewa na sakafu itaezekwa iwe mahali pa kuweka mashine za kuchumia. Mashine hizo zimeshachukua chai yote ya tambarare. Sisi wa mikono tumebakiziwa mteremko, ambako haziwezi kupanda. Sasa zinataka na sakafu.

Na Kiprono alikuwa ametuma neno kwamba harudi. Tangu Jumamosi hakuonekana dukani, wala kanisani, wala kwenye bomba la maji.

Tuliingia shambani asubuhi na umande, na kabla majani hayajafunika chini ya vikapu, ubishi ukaanza. Kwenye mteremko ule unabishana na mtu usiyemwona. Ni kofia tu juu ya chai, na sauti.

Aliyeanza ni Mama Chebet. Anachuma mstari wa pili kutoka kwangu, na hajawahi kukosa mchezo hata siku aliyong'olewa jino.

"Hii timu yetu iko na shida moja tu," akasema. "Wachezaji."

"Na chakula," akajibu Wafula kutoka juu. Wafula ni wa Bungoma, na kwake kila tatizo la dunia linaanzia tumboni. "Wale watoto wa chuo wanakula mayai. Sisi tunapea vijana sukuma halafu tunataka waruke."

"Wewe juzi ulikula mayai sita kwa harusi. Uliruka?"

"Mimi sichezi, Mama Chebet."

"Tushukuru Mungu."

Mtu wa mstari wa chini akasema hakuna haja ya kwenda Kaplong, kwa sababu kule wana jamaa anayegusa ringi akiwa amesimama tu.

"Umemwona na macho?"

"Niliambiwa."

"Na nani?"

"Na mtu mwingine aliambiwa."

Arap Tonui alikuwa amefika kwenye njia ya juu na fimbo yake, koti limefungwa vifungo hadi shingoni kama kawaida yake. "Bishaneni na mikono ikitembea," akasema. "Tunachuma majani mawili na kichipukizi. Hatuchumi Kaplong." Tukacheka. Halafu akaongea kwa upole, na upole wake huwa mbaya kuliko makelele. "Mimi nawaonea huruma. Michezo saba. Ng'ombe yako ikikataa kutoa maziwa miezi saba, utafanya nini?"

"Nitabadilisha lishe, boiyot," Mama Chebet akamjibu. Boiyot ni jina la heshima la mzee kwa Kikipsigis, ingawa yeye alilitamka kama kibao. "Sitaanza na kisu."

Kisha wakafika kwa Kiprono, kama nilivyojua watafika.

"Mtu mzima hawezi kuweka mpira chini hivyo," Wafula akasema. "Hata mtoto wa nasari anajua. Huyo alinunuliwa."

"Na nani?"

"Na hao wa chuo. Mbona anajificha? Mtu hajafanya kitu anajifichia nini?"

Nilitarajia Mama Chebet amkatize. Hakumkatiza. Akasema tu, "Hata mimi nimejiuliza." Neno hilo likapita mstari hadi mstari, amenunuliwa, amenunuliwa, na lilipofika mwisho wa mteremko halikuwa swali tena.

Mimi nilichuma. Nilichuma haraka sana, na nilipotazama kikapuni nikakuta nimejaza majani makomavu, yale magumu ambayo hata mgeni wa siku ya kwanza hayagusi.

Ningeweza kusema pale pale. Ilikuwa ni maneno matano tu.

Mvua ya mawe ilikuja saa tisa na nusu. Kwanza tuliisikia ikivuka kilima, kama lori linalomwaga kokoto. Tukakimbilia banda jipya la mizani, vikapu vikiwa vimefunika vichwa. Ilinyesha muda mfupi, muda wa kunywa kikombe cha chai, lakini ilipoacha, ardhi ilikuwa nyeupe na ile chai iliyokuwa inang'aa asubuhi ilikuwa imechanika kama nguo kuukuu. Tulisimama tukiitazama. Kila mmoja wetu anajua maana yake: kwa majuma kadhaa hakuna kuchuma, ni jembe na palizi.

"Hata mawingu leo ni ya chuo," Mama Chebet akasema.

Kwa kuwa hapakuwa na kazi tena, Arap Tonui akasema tumalize uamuzi mapema. Wanaotaka tujitoe wasimame upande wa mizani, wanaotaka Kaplong wasimame upande wa mlango. Watu wakaanza kusogea, na niseme ukweli, wengi walikuwa wanasogea kwenye mizani. Wafula alikuwa ameshafika.

Ndipo Kiprono akaingia.

Alikuwa amelowa hadi kwenye soksi. Chini ya koti alikuwa na mfuko wa plastiki, na ndani yake jezi yake, namba saba, imefuliwa na kukunjwa kama nguo ya kanisani. Watu wakampisha. Akaenda moja kwa moja hadi kwenye mizani, akaiweka ile jezi juu yake. Akatoa mkono. Akarudi hatua moja nyuma.

Hakujua amefanya hivyo. Lakini mimi niliona.

"Nimerudisha," akasema. "Na yale mnasema huko shambani yamenifikia. Ya kununuliwa."

Mimi si mtu wa kusema mbele za watu. Nikishikwa na hasira, Kiswahili kinanikimbia na Kigusii kinaingia. Hata sijui nilifikaje katikati ya banda.

"Ni mimi," nikasema.

"Wewe nini?" Arap Tonui akauliza.

"Niliacha debe. Kilipolia, niliweka vijiti chini. Halafu nikainua mikono. Huyu kijana aliniangalia mimi, akaona nimeinua mikono, akajua imeisha. Kama amenunuliwa, basi hata mimi nimenunuliwa, na huyo mnunuzi mwambieni sijamwona."

Hakuna aliyecheka. Mama Chebet akanigeukia.

"Siku mbili, Baba Kerubo," akasema. "Siku mbili umetuacha tukimtafuna mtoto wa watu."

"Ndiyo."

"Na ukanyamaza."

"Nilinyamaza."

Nilisubiri matusi, na nilikuwa tayari kuyabeba. Badala yake Mama Chebet akafungua kitambaa chake cha kichwa, akakikamua maji, akakifunga tena. Nilidhani anatafuta neno kali la kunimaliza.

"Mimi nilikuwa nimeshika njia," akasema, sauti imeshuka. "Kilipolia niliinuka, nikaenda. Niliposikia makelele nikafikiri ni nyinyi mnashangilia."

Wafula akakuna shingo. "Mimi nilishtuka nimefika kwa bomba."

Yule wa habari za Kaplong akasema alipokuja kushtuka alikuwa amefika nyumbani, tena ameshavua viatu. Mwingine akasema na yeye pia. Na mwingine. Ikawa kama kanisani siku ya ushuhuda. Kumbe siku mbili tumebishana juu ya bao ambalo, ukiniondoa mimi, hakuna shabiki hata mmoja aliyeliona. Wote waliweka, wakatoa, wakarudi.

Macho yakaenda kwa Arap Tonui.

"Mimi ni nyapara," akasema. "King'ora ni kazi yangu."

"Ulikuwa wapi, boiyot?"

Akagusa kifungo chake cha juu. "Nilikuwa nimefunga koti," akasema. Kisha, kwa sauti ya chini, "Nilishtuka nimepita lango."

Banda zima likapasuka kwa kicheko. Wafula alishikilia nguzo asianguke. Hata mimi nilicheka, na ilikuwa mara ya kwanza tangu Jumamosi.

Kiprono hakucheka.

"Hiyo si kitu ya kucheka," akasema. "Hamjui ilikuwa namna gani. Niliona mkono wangu ukiweka mpira chini, na mimi niko ndani naukataza. Naukataza, na haunisikii."

Kicheko kikaisha chote.

Shajara, hapo ndipo nilipokasirika, na hasira hiyo ninayo hadi sasa ninavyoandika. Si kwa Kiprono, na si kwangu tena. Nilifikiria ile ndoo niliyoiweka katikati ya njia kule Nyamira, na jinsi nilivyocheka pamoja na Kwamboka. Nilikuja hapa kuuza nguvu zangu, nilijua nauza. Mgongo nimeuza, sawa. Usingizi wa alfajiri nimeuza, sawa. Miaka ya watoto wangu nimeuza, nayo inaniuma, lakini nilijua. Huu mkono unaotii kabla sijauambia, huu sikuuuza. Hakuna karatasi niliyotia sahihi kuhusu mkono huu.

Nadhani sikuwa peke yangu, kwa sababu hakuna aliyekuwa anasogea tena, si kwa mizani wala kwa mlango.

"Saa hii ni saa ngapi?" Mama Chebet akauliza.

"Kumi na dakika kumi," Wafula akasema.

"Leteni mpira."

Tulizoa ile barafu kwenye sakafu kwa sepetu na magunia, tukaisukuma kando hadi ikawa matuta meupe kuzunguka uwanja. Nilikwenda nyumbani nikachukua debe. Niliporudi nilimkuta Arap Tonui amesimama mbele ya Kiprono, ameishika ile jezi kwa vidole viwili.

"Hii mizani ni ya majani," alikuwa anamwambia. "Haipimi nguo. Chukua."

Kiprono akaivaa juu ya nguo zake zilizolowa.

Mama Chebet akasema si wachezaji tu watakaosimama uwanjani, kwa sababu si wachezaji walioshika njia kwenda nyumbani. Akatupanga pembeni wote, kila mtu na kitu mkononi: kikapu, sepetu, kofia, chochote. Sharti lake lilikuwa moja. Kikilia, usikiweke chini.

Wafula akafikiria jambo hilo. "Lakini Kaplong hakuna king'ora," akasema. "Sasa haya mazoezi ni ya nini?"

"Hii si ya Kaplong," Mama Chebet akasema.

Wakaanza kucheza. Mpira ulikuwa unateleza kama sabuni, wachezaji wanaanguka, watu wanacheka, na mimi napiga polepole, nikiangalia bomba la moshi la kiwanda. Nina miaka arobaini na sita na nilikuwa naogopa sauti.

Kikalia.

Nitakuwa mkweli kwako. Vijiti vilisimama hewani. Mikono yangu ilikuwa imeshaanza kushuka. Nikamwona Kiprono pale kwenye mstari, mpira mikononi, ananitazama, na goti lake la kulia limeanza kukunjika.

Nikapiga.

Nikapiga tena, kwa nguvu, bila mpango, mdundo usio wa kulinda wala wa kushambulia, kelele tu. Goti la Kiprono likanyooka. Akadunda mpira mara moja, kama mtu anayejaribu daraja kwa mguu, halafu akaondoka nao. Mama Chebet alikuwa ameinua kikapu chake juu ya kichwa, anapiga yowe kushindana na kile king'ora, uso mzima umekuwa mdomo. Wafula peke yake aliweka sepetu chini akarudi hatua moja nyuma, na matusi aliyopewa, kwa Kikipsigis, kwa Kigusii, na mengine kwa Kibukusu chake mwenyewe, siwezi kuyaandika mahali Kerubo anasoma. Akaiokota mbio mbio. Kiprono akafika chini ya ringi, king'ora kingali kinalia, akaruka, akarusha.

Akakosa.

Mpira uligonga ringi ukaingia kwenye tuta la barafu. Na sisi tukashangilia kama watu waliochukua kombe.

Kura haikupigwa. Arap Tonui hakuitaja tena. Tulipokuwa tunaondoka aliniuliza tu kama debe langu litaingia kwenye pikapu ya kwenda Kaplong, au nitalipakata. Nikamwambia nitalipakata.

Kabla sijaanza kuandika nimempigia Kwamboka, nikamweleza yote, na lile neno mjinga nikalirudisha lilikotoka.

"Kumbe na ile ndoo," akasema.

"Na ile ndoo."

Hakucheka safari hii. Akaniuliza Jumamosi mchezo ni saa ngapi, ili asipige simu wakati huo.

Sitajidanganya. Huenda huyo jamaa wa Kaplong yupo kweli na anagusa ringi akiwa amesimama. Huenda tukashindwa mara ya nane, kwenye uwanja usio na mteremko wetu. Huenda mashine zikaipata sakafu mwaka huu au mwaka ujao, maana wenye mashine hawana haraka. Lakini mtu atakayekuja kung'oa ringi atatukuta tumesimama juu ya sakafu, na tutakuwa tumeshika vitu.

Kesho ni jembe, palizi kutwa. Mgongo utalia. Na saa kumi na moja tutakuwa pale tena, kila mtu na kitu chake mkononi, tukisubiri.

Leo king'ora chenyewe ndicho kilichonyamaza kwanza, si sisi.